Mwizi Aliyeacha Bunduki Nzuri Zaidi

Ijumaa asubuhi, kesho yake ikiwa siku ya mashindano ya shabaha ya Sage Fork, Orville Tveit aliitungua bunduki ya babu yake ukutani. Akausukuma wenzo wa kupakia risasi chini, akaurudisha juu. Kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni kama mtu aliyezabwa kofi na asiyemjua.

"Verna," alimwita mkewe. "Piga simu kwa sherifu. Nimeibiwa."

Verna alikuwa na unga wa mikate ya mdalasini hadi kwenye viwiko. Aligeuka, akaitazama bunduki, akamtazama mumewe.

"Umeibiwa nini, mzee?"

"Bunduki."

"Si hiyo umeishika?"

"Hii siyo."

Verna alipiga simu, lakini kwanza alimpigia dada yake. Ndiyo maana mpelelezi wa kaunti alipofunga mkanda wa gari lake, mgahawa mzima ulikuwa umeshajua kwamba Orville Tveit ameibiwa bunduki aliyoishika mkononi, na watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko.

Mpelelezi mwenyewe hakucheka. Darlene Kvamme ni mzaliwa wa hapahapa, mwanamke mrefu wa maneno machache, na huku Montana mtoto hujua kulenga shabaha kabla hajajua kupanda baiskeli. Alijua bunduki ile ni nini. Ilikuwa Winchester ya mwaka 1873, ya wenzo: ile inayopakiwa kwa kusukuma chuma chenye tundu la vidole kilicho chini ya kitako, chini na juu, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia. Kila mwaka, mashindano hayafunguliwi mpaka Tveit mmoja apige nayo risasi ya kwanza kwenye bamba la chuma lililokatwa umbo la nyati. Kazi hiyo ilikuwa ya babu, ikawa ya baba, sasa ni ya Orville.

Alivaa glavu, akaketi.

"Mara ya mwisho kuishika ni lini?"

"Jumapili kabla ya kanisa. Niliipangusa."

"Ilikuwa yenyewe?"

"Yenyewe."

"Mlango mnafunga?"

Verna aliguna. "Ufunguo wa mlango huo ulipotea kabla wewe hujazaliwa, binti."

"Mzee, umejuaje kuwa hii siyo?"

"Wewe uliwahi kuolewa?"

"Niliwahi."

"Ungerudi nyumbani ukute mwanamume mwingine kavaa shati la mumeo, ungemwomba kitambulisho?"

"Inategemea huyo mwanamume," alisema Verna.

"Verna, hapa tunahojiwa!" Orville alimgeukia mpelelezi. "Wenzo, binti. Ule wa babu unakwaruza. Ukifika nusu ya safari unagoma, kama mtoto asiyetaka shule. Unaubembeleza, unakubali. Huu unateleza tu. Hauna hata adabu ya kupinga."

Darlene aliibeba bunduki hadi dirishani. Kwa macho, ilikuwa bunduki ya Tveit. Chuma kilikuwa na ule weusi uliofifia wa kikongwe. Kwenye kitako palikuwa na pengo pale farasi alipokikanyaga zamani za babu. Lakini namba iliyochongwa chini ya chuma ilikuwa ndefu mno.

"Mama Verna, namba ya bunduki yenu mnaikumbuka?"

Verna aliitaja kwa kichwa. Haikufanana hata kidogo.

Basi Orville hakuwa amechanganyikiwa. Hii ilikuwa nakala, mojawapo ya zile zinazotengenezwa Italia siku hizi kwa chuma kipya chenye nguvu. Nusu ya mji wanazitumia, kwa kuwa za asili zimeshakuwa vikongwe. Ila hii mtu alikuwa ameizeesha kwa siki na subira, akachonga na pengo la farasi mahali pake palepale. Namba hakuigusa. Kufuta namba ya silaha ni kosa la jinai, na mwizi huyu, cha ajabu, alikuwa ameiheshimu sheria hiyo huku akiivunja nyingine.

"Pengo lipo?" Orville aliuliza.

"Lipo. Tazama."

Mzee hakutazama. Alinyoosha kidole gumba, akapapasa kitako mpaka kikaingia kwenye pengo. "Lipo," alisema. Kisha akakiweka kikombe chake cha kahawa pembeni mwa meza, nusu hewani, na mkono wa Verna ukakisogeza ndani bila yeye kuangalia, kama mkono uliokwisha kuzoea.

Darlene aliliona hilo, akalitunza akilini.

Alinyunyiza unga wa alama za vidole. Alama zilizojitokeza zilikuwa za Orville tu. Mwizi alikuwa ameipangusa bunduki yote. Ndipo mpelelezi akatia vidole kwenye tundu la wenzo, akausukuma chini, akaurudisha.

Chuma kilishuka kimyakimya, kikapanda, kikajifunga kwa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Darlene aliurudia mara nyingine. Uso wake ukabadilika.

"Vipi?" aliuliza Verna.

"Hakuna kitu."

"Mimi namjua mwizi," Orville alisema. "Dunleavy! Yule wa jumba la vioo pale kilimani. Kila Krismasi ananiomba nimuuzie. Kamfunge."

"Mzee, nisikilize kwanza. Wizi wa silaha ni jinai kubwa. Atakayepatikana na hatia hatashika tena bunduki maisha yake yote. Hatawinda, hataingia uwanjani na wenzake, hata ya kwake ukutani itachukuliwa. Una hakika unafungua kesi?"

"Hata akiwa mchungaji wangu," Orville alisema. "Mtu aliyechezea bunduki ya babu yangu, asishike hata manati."

*

Prescott Dunleavy alimfungulia mpelelezi akiwa na soksi. Alihamia kwetu kutoka California, ana kabati za vioo zilizojaa bunduki za wenzo asizozipiga, na kwa hilo tumeshamsema mpaka tumechoka.

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Benchi la nyuma ya akina Tveit. Orville alisinzia, Verna akampiga kiwiko."

"Bunduki yake unaitaka?"

"Naitaka sana! Lakini nikiiba nitamwonyesha nani? Hapa mtu akinunua jembe jipya wanakuja kulitazama." Dunleavy aliipokea nakala, akaichunguza, akausukuma wenzo. Nyusi zikapanda. "Haa! Hii kazi si mchezo. Zikitoka kiwandani zinakwaruza hizi. Mtu amefungua matumbo yake yote, akasugua kila kipande kwa mkono. Ni kazi ya majuma."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwizi wako ni wa ajabu, mpelelezi. Kuizeesha ni kwa ajili ya kudanganya, sawa. Lakini kuilainisha? Hapo hamdanganyi mtu, hapo anamzawadia. Mimi ningekuwa nimeibiwa hivi, ningemshukuru."

Darlene alirudi garini, akafunga mlango. Nyuma ya kiti palikuwa na bunduki yake mwenyewe, Winchester ya baba yake, ya 1894. Aliitoa, akahakikisha haina kitu ndani, akausukuma wenzo. Ukashuka kimyakimya. Ukapanda. Mlio mmoja mdogo.

Ulikuwa mkono uleule. Aliujua tangu jikoni kwa Verna, akaomba Mungu Dunleavy aseme jambo lolote la kumfanya awe amekosea.

*

Emmett Racine aliendesha basi la shule mpaka alipostaafu. Nusu ya kaunti hii imetapika kwenye basi lake, pamoja na mpelelezi Kvamme. Siku hizi ana banda nyuma ya nyumba, na ndani ya banda hilo hulainisha bunduki za wenzo za watu wote, kwa malipo ya pai na umbea. Ni ugonjwa. Mwachie bunduki ngumu akutunzie tu ukiwa safarini, utakaporudi utaikuta laini. Hawezi kuilaza ikikwaruza.

Yeye na Orville ni marafiki tangu wakiwa hawana meno, na sasa tena hawana meno. Kwenye mashindano husimama pamoja, hutukanana tangu asubuhi hadi chakula cha jioni.

Darlene alimkuta anasugua kipande cha chuma. Aliiweka nakala mezani.

"Mzee Emmett."

"Mwanangu Darlene. Kahawa?"

"Hapana. Hii ni yako?"

Emmett aliitupia jicho mara moja tu. "Orville kaijuaje? Pengo nimelikosea?"

"Pengo sawasawa. Wenzo."

"Wenzo una nini?"

"Unateleza."

Mzee aliketi polepole kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nilijua," alisema. "Nilijiambia, Emmett, iache ikwaruze. Yake inakwaruza, na hii iache ikwaruze. Nikaifunga. Nikaenda kulala. Sikulala. Ningemwachiaje Orville chuma kigumu namna ile? Na goti la mkono linamsumbua." Alimaanisha kiwiko, Emmett ana majina yake ya viungo.

"Ya asili iko wapi?"

"Kabatini."

Ilikuwepo, imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto mchanga. Kando yake palikuwa na boksi la risasi ambazo Orville hujijazia baruti mwenyewe, lenye mwandiko wake mkubwa.

"Unakiri umeiba?"

"Nakiri. Jumapili, wakiwa kanisani. Andika."

"Kwa nini?"

"Niliitamani."

"Umeijua maisha yako yote, ukaitamani mwaka huu?"

"Uzee una mambo yake."

"Mzee Emmett, unajua adhabu? Banda hili litafungwa. Hutagusa hata bunduki ya jirani kuitia mafuta."

"Najua sheria. Andika niliitamani, nitie pingu, tuondoke kabla akina mama hawajatoka kwenye mazoezi ya kwaya."

Darlene hakuandika. Alilichukua lile boksi.

"Mtu anayetamani bunduki haibi na risasi zilizotengenezwa nyumbani. Hizi zilikuwa pale kwa Orville?"

Emmett aliinama, akajifuta mafuta ya vidole kwenye suruali.

"Na za kwake sasa ni zipi?"

"Za kwangu," Emmett alisema kwa sauti ndogo. "Nilibadilisha. Kwenye boksi linalofanana."

"Kwa nini?"

"Mwanangu, ziache hizo."

Mezani palikuwa na nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa vya risasi. Darlene alichukua risasi moja ya Emmett, akaigonga mpaka kichwa kikachomoka, akamwaga baruti kwenye kisahani cha mizani. Kirundo kidogo. Akachukua ya Orville, akafanya vivyo hivyo. Kirundo kilekile. Ya pili ya Orville pia, sawa. Ya tatu, baruti ilimwagika na kuendelea kumwagika. Ilikuwa maradufu.

Hapo hapakuhitaji maabara. Ganda la zamani lile ni pana. Baruti ya kisasa kidogo tu inatosha, na hata ukimimina mara mbili kwa kusahau, halijai. Lazima uchungulie kila ganda kabla ya kulifunga.

"Haoni," alisema Darlene.

Emmett alivua kofia.

"Masika alinipa boksi moja, zawadi. Nikapiga mbili, safi. Ya tatu ilinirusha nyuma, nikadhani bega limebaki uwanjani. Nikazifungua zilizobaki. Nikakuta nyingine ya namna hiyo." Alijifuta pua. "Yangu ni ya chuma kipya, ilistahimili. Ile ya babu yake ingepasuka usoni mwake, mwanangu. Kesho. Mbele ya wajukuu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba haoni baruti kwenye ganda? Leo ataacha kutengeneza risasi. Kesho ataacha kupiga. Keshokutwa hatakuja hata kula, atakaa dirishani kama baba yake alivyokaa, akasubiri. Mimi nilimwona baba yake." Akaiweka kofia juu ya goti. "Ningebadilisha risasi tu, angejaza nyingine. Bunduki ni chuma. Ningekuja kumpa mjukuu wake. Ila nikisema haya mahakamani mji mzima utajua Orville amekuwa kipofu. Kwa hiyo andika niliitamani. Mimi mwizi, yeye mzima, mambo yameisha."

Darlene aliishika kalamu na hakujua pa kuiweka.

Nje, mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo.

"Emmett!" Ilikuwa sauti ya Orville. "Emmett, we mbwa mzee! Gari la polisi liko kwako muda wote huu, mji mzima umeshaniambia!"

Aliingia akishika ukingo wa mlango, Verna nyuma yake na unga bado kwenye viwiko. Verna ndiye aliyekuwa ameendesha gari. Siku hizi yeye ndiye huendesha kila mara.

"Ni yeye?" Orville alimwuliza mpelelezi. "Sema. Ni yeye?"

"Ni mimi," alisema Emmett. "Niliitamani."

"Mwongo! Wewe huwezi kutamani kitu kinachokwaruza!" Orville alisonga mbele, akagonga meza kwa nyonga. Mizani ikalia. Mkono wake ukateremka kujishikilia, ukakuta visahani vya baruti.

Vidole vilipapasa kirundo cha kwanza. Vikasogea, vikapapasa kile kikubwa. Orville ametengeneza risasi tangu ujana wake, na vidole vyake havikuhitaji kuambiwa.

"Hiki ni cha nani?"

Darlene alimtazama Emmett.

"Emmett. Hiki ni cha nani?"

"Chako."

"Vingapi?"

"Viwili kwenye boksi la masika. Hiki kimoja humu, mpaka sasa."

Orville alivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. Verna alimsogelea, hakumshika.

"Wewe ulijua?" alimwuliza mkewe.

"Habari ya baruti sikujua. Macho nilijua. Nani anayekusogezea kikombe?"

"Na huyu alitaka kwenda jela?"

"Kahawa ya jela si mbaya," alisema Emmett. "Angalau haikorogwi na Verna."

"Nimekusikia," alisema Verna, na machozi yakimtoka.

Orville alimgeukia Darlene. "Binti, kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Andika. Orville Tveit alimpa Emmett Racine bunduki ya babu yake ailainishe, akaazimwa nyingine, kisha akasahau. Akapiga kelele za wizi bure."

"Orville, acha ujinga," Emmett aliruka. "Watasema akili zako zimeanza kuvuja!"

"Waseme."

"Jalada hilo litasomwa, mzee," Darlene alisema. "Na sherifu atalisoma kwa sauti mgahawani, unamjua."

"Asome na kwa kipaza sauti. Wewe ulikuwa tayari kuitwa mwizi kwa ajili yangu, we kichaa. Mimi nitashindwa kuitwa msahaulifu?"

Darlene aliandika. Ndivyo jalada linavyosomeka mpaka leo, na mwenye mali akaweka sahihi, ingawa mpelelezi ilibidi amwonyeshe mstari kwa kidole.

*

Jumamosi jua lilitoka vizuri. Tulijaa uwanjani wote, na supu nzito ya maharage na nyama ilikuwa inachemka, na mikate ya mdalasini, na kila mtu alikuwa na la kumwambia Orville.

"Orville, leo siku gani?"

"Orville, yule mwanamke uliyekuja naye unamkumbuka jina?"

"Orville, suruali hiyo ni yako au umevaa ya mtu kwa kusahau?"

"Ni Jumamosi," alijibu, "naye ni Verna, na wewe bado una sura mbaya." Alisimama mstarini na ile nakala ya Italia, Emmett akiwa kando ya bega lake. Mfunguzi hupewa kipaza sauti aseme neno moja la kufungua. Orville alikishika.

"Jana nilisema uongo," alisema. "Sikusahau kitu. Macho yangu yamekwisha. Nilijaza baruti mara mbili bila kuona, na bunduki ya babu ingenipasukia leo hapa mbele yenu. Emmett aliificha ili nisife, akanyamaza ili nisiaibike. Kuanzia sasa yeye ndiye anamimina baruti, mimi nafunga vichwa. Haya, mliokuwa mnacheka, endeleeni."

Hakucheka mtu. Darlene alikuwa amesimama karibu na sufuria la supu, na jalada la uongo lenye mwandiko wake likiwa garini. Alimtazama sherifu, na sherifu akatazama mawingu.

"Kulia kidogo," Emmett alinong'ona. "Kulia, nimesema, we kiziwi. Hapo."

Bunduki ililia, chuma kikaitika kwa mbali, na uwanja mzima ukapiga mayowe.

Baadaye, watu walipokuwa wanapakua chakula, Darlene alipita karibu na meza ya Emmett. Wazee wawili walikuwa wamesimama pale, kila mmoja na boksi la risasi alizotengeneza nyumbani chini ya kwapa, kila mmoja akijifanya anatazama milima. Wa tatu kwenye foleni alikuwa sherifu.

"Hizi ni za mjomba wangu," sherifu alisema, akiweka boksi mezani bila kumtazama mtu. "Mwangalizie tu."

"Weka hapo," alisema Emmett.

Hakuna aliyemwuliza mjomba yupi.